Kitufe cha "Hifadhi" au programu ijihifadhie yenyewe? Ulinganisho kwa wanaotengeneza programu za ofisi

Katika sekretaria moja ya Kenya (komuni yetu ya Lubumbashi, si nchi ya Wakenya) kuna barua ya kuomba kazi ambayo imeshabeba majina ya nusu ya mtaa. Mteja akiingia, mama mwenye duka anafungua barua ya mteja wa juzi, anafuta jina, anaandika jipya, anarekebisha tarehe, anachapa, anapokea franka zake, kisha anafunga dirisha. Mashini (kompyuta) inamuuliza kama ihifadhi mabadiliko. Anajibu hapana. Barua inarudi ilivyokuwa, tayari kwa mteja wa kesho.

Mimi ndiye niliyemharibia. Niliogopa mashini isije ikaibwa na kazi yote ikaenda nayo, nikamhamishia faili zake kwenye wingu, yaani kwenye kompyuta za mbali kupitia mtandao, mahali ambapo kila herufi inahifadhiwa papo hapo inapoandikwa. Asubuhi alinishukuru. Jioni akanipigia simu: "Papa, barua yangu umeipeleka wapi?" Barua ilikuwepo, ila ilikuwa na jina la mteja wa mwisho, na aya nzima ya leseni ya udereva haikuwemo tena, kwa sababu mteja yule hakuwa na leseni. Nikamwonyesha historia ya matoleo: bonyeza hapa, kisha hapa, tafuta saa, rudisha. Akaniangalia kama mtu anayeelekezwa kwenda Likasi kwa kupitia Kolwezi, mji ulio mbele zaidi.

Tangu hapo, kijana akiniuliza, "Yaya (kaka mkubwa), programu yangu niiwekee kitufe cha kuhifadhi au ijihifadhie?", humuuliza kwanza watu wa ofisi hiyo wanaitumiaje faili moja kuanzia asubuhi hadi jioni. Hapa chini nimeiweka mitindo mitatu ubavu kwa ubavu, kisha alama zinazomwambia mtu kwamba kazi yake bado haijahifadhiwa. Upande wangu nausema mapema: niko na mtindo wa tatu. Kiswahili kina maneno mawili kwa mambo mawili ambayo programu nyingi zinayachanganya. Kuokoa ni kuhakikisha maandishi hayapotei umeme ukikatika, na hiyo ni kazi ya mashini. Kuhifadhi ni kusema "sasa hii ndiyo barua", na hilo ni neno la mwenye barua.

## Mtindo wa kwanza: kitufe, na mtu ndiye mwamuzi

Hivi ndivyo programu za kuandikia kama Word na LibreOffice zinavyofanya kazi faili likiwa ndani ya mashini yenyewe. Unachoandika kinakaa kwenye kumbukumbu ya muda mpaka ubonyeze.

Faida yake kubwa watu wa teknolojia huidharau: inampa mtu ruhusa ya kujaribu. Karani wa ofisi ya deklarasyo, wale wanaoshughulikia ushuru wa mizigo ya mpaka wa Kasumbalesa, hufungua hesabu ya lori moja, akabadilisha uzito na bei ili aone ushuru utafika wapi, kisha akafunga bila kuacha alama. Kwake faili ni kumbukumbu, na pia ni karatasi ya kujaribia. Ukimwondolea kitufe, umemwondolea karatasi ya kujaribia.

Hasara yake kila mtu anaijua. Mtu husahau, na delestaji, yaani umeme kukatwa kwa zamu, haipigi hodi.

Kuhusu picha ya kitufe sipotezi muda mwingi. Ile disketi inayochorwa juu yake ni ya inchi 3.5, iliyobeba MB 1.44, na Sony iliacha kuziuza Japani Machi 2011. Kijana anayejifunza kazi pale sekretaria hajawahi kuishika. Nilimuuliza ile ni picha ya nini, akajibu, "Kabati. Si ndiyo pale tunaweka vitu?" Amekosea kitu, amepata maana. Wanaoleta picha mpya huleta balaa jipya: mshale unaoelekea chini watu wanausoma kama kupakua, na wingu wanalisoma kama kumaliza mega zao (data ya mtandao). Acha kabati lao, ila andika neno pembeni. "Hifadhi" linatosha, hata kama huku Katanga neno hilo humpeleka mtu Upemba na wanyama wake kabla ya kumpeleka kwenye faili.

Kitu kinachostahili muda ni kibodi. Mashini za hapa ni mchanganyiko: nyingine zina AZERTY ya Kifaransa, nyingine, hasa zilizotumika zinazoingia kutoka nchi za Kiingereza, zina QWERTY. S ipo mahali pamoja kwenye zote mbili, kwa hiyo Ctrl+S haimchezei mtu. Lakini Z na W zimebadilishana nafasi, na vivyo hivyo A na Q. Mtu aliyezoea AZERTY akikaa kwenye QWERTY, vidole vyake vikitafuta Ctrl+Z ili kutengua kosa, vinatua kwenye Ctrl+W, ambayo hufunga waraka. Akitaka Ctrl+A achague maandishi yote, anabonyeza Ctrl+Q, na LibreOffice nzima inajifunga. Nimeona hili likitokea mara mbili kwa mtu mmoja ndani ya saa moja. Pale swali la "nihifadhi mabadiliko?" ndilo pekee lililobaki kati yake na hasara. Anayesema swali hilo ni usumbufu wa kizamani aje akae jirani na dirisha la duka mchana mmoja.

## Mtindo wa pili: programu inajihifadhia

Google Docs haina kitufe cha kuhifadhi kabisa. Unaandika, karibu na jina la waraka panatokea kwamba inahifadhi, kisha kiwingu chenye alama ya vema. Word ya usajili wa Microsoft 365 ina swichi ya kujihifadhi ambayo hufanya kazi faili likiwa OneDrive au SharePoint (mawingu ya Microsoft), na ikiwaka tu, "Enregistrer sous" (hifadhi kwa jina jingine) kwenye menyu inageuka kuwa "Enregistrer une copie" (hifadhi nakala). Angalia vizuri badiliko hilo dogo. Zamani ulifungua barua, ukaibadilisha, halafu ukachagua jina jipya mwishoni, na ya kwanza ikabaki salama. Sasa ukisubiri hadi mwisho umechelewa: ya kwanza imeshabadilika. Nakala inabidi uitoe kabla ya kugusa herufi.

Apple ilipita njia hiyo mapema. Mwaka 2011, kwenye Mac OS X Lion, ilileta kujihifadhi na matoleo, ikaiondoa amri ya kuhifadhi kwa jina jingine, ikaweka ya kurudufu. Mwaka uliofuata, kwenye Mountain Lion, amri ya zamani ilirudi, imefichwa nyuma ya kitufe cha Option. Kampuni hiyo haina tabia ya kurudi nyuma kirahisi. Nadhani ilikutana na akina mama wengi wenye barua za kielelezo.

Mtindo huu una mahali pake, na ni pazuri. Mwanafunzi wa UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi) anayeandika TFC, ile kazi ya kumalizia masomo, hana kielelezo cha kulinda. Ana waraka mmoja unaokua miezi mingi, mwalimu anayesoma upande wa pili, na flashi inayopita mashini kumi zenye virusi. Kwake kujihifadhi na historia ya matoleo ni nusu ya diploma. Vivyo hivyo orodha ya michango ya chama, watu watatu wanaijaza kwa simu: ukiwawekea kitufe watakanyagana.

Ila mtandao. Google Docs inaweza kufanya kazi bila mtandao, lakini sharti uwe umeiandaa mapema, kwenye Chrome au Edge, katika mashini hiyo hiyo. Kwenye mashini ya kuazima hakuna maandalizi. Mega zikiisha katikati ya aya, mtu anaendelea kuandika huku kile kiwingu kikiwa kimebadilika sura bila yeye kukitazama, maana macho yake yapo kwenye karatasi ya mteja.

## Mtindo wa tatu: mashini iokoe, mtu ahifadhi

Huu kwa sehemu upo tayari. Word na LibreOffice hutengeneza nakala ya uokoaji, na zinakuja zimepangwa kufanya hivyo kila dakika 10. Dakika 10 ni nyingi. Mchapaji wa maneno 40 kwa dakika anakuwa ameandika maneno 400, karibu ukurasa mzima, na mteja amesimama mbele yake na koti. Kitu cha kwanza ninachofanya kwenye mashini ya mtu yeyote ni kuishusha hadi dakika 2. Programu ninayoiandika mwenyewe huokoa sekunde chache baada ya vidole kutulia.

Siri yote ni kwamba nakala hiyo inakaa pembeni. Haigusi faili la mtu. Umeme ukikatika na kurudi, programu inauliza: "Kuna kazi ya saa 10:42 ambayo haikuhifadhiwa. Tuirudishe?" Mtu anaamua. (Saa iandikwe kwa tarakimu za mashini. Ukiandika "saa nne" mmoja ataelewa asubuhi, mwingine aliyezoea saa za Kifaransa ataelewa alasiri.)

Halafu kuna jambo la fundi ambalo mteja haoni lakini ndilo linalomuumiza. Ukihifadhi kwa kuandika moja kwa moja juu ya faili la zamani, na umeme ukakatika katikati, unabaki na faili nusu: jipya halijakamilika, la zamani limeshafutwa. Andika kwanza faili la muda pembeni, hakikisha limefika kwenye diski, ndipo ulibadilishe jina lichukue nafasi ya la zamani. Ukitumia hifadhidata kama SQLite, kazi hiyo imeshafanywa: badiliko linaingia lote au haliingii hata kidogo. Na neno "Imehifadhiwa" lisitokee mpaka diski iwe imejibu. Nimeona programu inayoandika "imehifadhiwa" mara tu kitufe kinapobonyezwa, kabla ya kitu chochote kufika popote. Huo ni uongo mdogo kwenye ofisi yenye umeme wa uhakika, na ni uongo mkubwa kwetu, hasa faili likiwa kwenye flashi ambayo mteja ameshaikamata kwa vidole viwili akisubiri kuichomoa.

Kwa anayetaka kuona yote kwa mara moja:

| Likitokea hili | Kitufe peke yake | Kujihifadhi | Okoa + hifadhi |
|---|---|---|---|
| Umeme kukatika | Unapoteza tangu ulipobonyeza mwisho | Salama kama mtandao ulikuwepo | Unapoteza sekunde chache |
| Barua ya kielelezo | Inabaki | Inaliwa | Inabaki |
| Mega kuisha | Haikuhusu | Inategemea maandalizi | Haikuhusu |
| Watu wawili, waraka mmoja | Watakanyagana | Hapa ndipo nyumbani kwake | Watakanyagana |
| Mashini kuibwa | Kwaheri | Kazi ipo | Kwaheri, usipoweka nakala kwingine |

Mstari wa mwisho unaniuma, na siufichi. Mtindo wangu hauzuii wizi.

## Alama za "bado haijahifadhiwa"

Hapa ndipo vijana wengi wanapopita mbio, wakati ndipo mtumiaji anapoishi.

Kinyota mbele ya jina la faili ndiyo alama ya mafundi. Notepad ya Windows 10 iliipata mwaka 2019, toleo 1903. Wanaoandika programu kwa Qt, seti ya vifaa vya kutengenezea madirisha, wanaikuta imeandaliwa: unaacha [*] kwenye jina la dirisha, unaliambia dirisha kama kuna badiliko au hakuna, nalo linakionyesha kinyota au kukiondoa. Ni rahisi, haichukui nafasi, na asiyefundishwa haioni. Programu yangu ya kwanza ya fakitira (ankara) ilikuwa na kinyota tu. Nilimkuta karani anakisugua kwa kidole gumba, akidhani ni uchafu wa kioo.

Kitone ni bora kidogo kwa sababu ya mahali kinapokaa. Kwenye Mac kinatokea ndani ya kile kitufe chekundu cha kufungia dirisha. Kwenye VS Code, ambamo mafundi huandikia programu, kinachukua nafasi ya alama ya kufunga kichupo. Mkono unaokwenda kufunga unakutana nacho njiani, na hayo ni mawazo mazuri kabisa. Lakini ni kidogo, na kwenye skrini ya zamani iliyofifia huwezi kukitofautisha na kitu kingine.

LibreOffice hubadilisha sura ya ikoni yenyewe ya kuhifadhi, na chini ya dirisha inaweka alama nyingine ambayo ukiibonyeza inahifadhi. Naipenda. Kasoro ya njia kama hii ni pale watengenezaji wengine wanapotegemea rangi tupu: nyekundu bado, kijani tayari. Kuna watu wasiotofautisha nyekundu na kijani, na miongozo ya WCAG, ya kimataifa ya kufanya kurasa za mtandao zitumike na watu wote, inasema wazi kwamba rangi isiwe njia pekee ya kubeba habari. Ongeza umbo au neno.

Sasa kitufe kinachofifia. Hakuna mabadiliko, kitufe kinakuwa kijivu; ukiandika, kinawaka. Kwenye karatasi ni kizuri: kitufe kimoja kinakuwa alama na kitendo kwa pamoja. Mimi nimekiacha, kwa sababu tatu, na ya tatu ndiyo iliyoniamulia. Kwanza, watu hukiona kijivu wakasema mashini imeharibika. Pili, duka linatazama barabara, jua la mchana linapiga kioo, na kijivu juu ya kijivu hakisomeki. Miongozo ya WCAG yenyewe haidai mwonekano wa kutosha kwa vitufe visivyotumika, kwa hiyo wabunifu wanajiachia. Tatu, programu yako ikikosea tu kutambua badiliko moja, labda umebadilisha ukubwa wa safu na hukuandika popote kwamba hilo nalo ni badiliko, kitufe kinabaki kimekufa na mtu hana njia ya kuhifadhi hata akilia. Kitufe kiwe hai muda wote. Hakuna cha kuhifadhi? Jibu kwa upole, "Imeshahifadhiwa 10:42", na umruhusu abonyeze mara tano kama roho yake inataka. Kuna wanaobonyeza Ctrl+S kama wanaopiga ishara ya msalaba. Usiwanyang'anye.

Inabaki alama ya maneno, na hiyo ndiyo ninayoichagua, pamoja na kitone kwa waliozoea. Lakini Kiswahili kina mtego wake. Weka "Imehifadhiwa" na "Haijahifadhiwa" mahali pamoja, kwa herufi ndogo, kisha zitazame kwa jicho la mtu mwenye haraka. Yote mawili ni marefu, yote yanaishia -hifadhiwa, tofauti yote ipo kwenye silabi za mwanzo. Nilimpima mama wa sekretaria bila kumwambia. Alisoma "imehifadhiwa" mara zote mbili. Tangu hapo ya pili naianza kwa "Bado": Bado haijahifadhiwa. Neno hilo hata mtoto analijua, na umbo lake ni tofauti kwa mbali. Ya kwanza naiongezea saa: Imehifadhiwa 10:42. Saa inafanya kazi ambayo neno peke yake haliwezi. Mtu akiona 10:42 na sasa ni 11:30, anajua bila kuambiwa.

## Swali la mwisho kabla ya kufunga

Kisanduku cha zamani kilisema Oui (ndiyo), Non (hapana), Annuler. Wengi hapa waliisoma "Annuler" kama "futa niliyoandika", wakati maana yake ni "sifungi tena, nirudishe". Baadaye vikaja vitufe vyenye vitenzi, Enregistrer na Ne pas enregistrer, na hiyo ni hatua mbele, ila ukitafsiri neno kwa neno unapata Hifadhi na Usihifadhi, mtego ule ule wa mapacha. Yangu yanasema: Hifadhi, Tupa mabadiliko, Rudi kwenye barua. "Ghairi" nimeliondoa, ni Kiswahili kizuri, ila pale dukani nililazimika kulifafanua kila mara.

Kosa baya kuliko maneno ni kuuliza bila sababu. Chukua fakitira ya Excel yenye tarehe inayojiweka kwa =AUJOURDHUI(), fomula ya tarehe ya leo. Mtu anaifungua, anaitazama, anaifunga. Excel inauliza kama ihifadhi mabadiliko, kwa sababu fomula hiyo hujihesabu upya kila faili linapofunguliwa. Mtu hakugusa kitu. (Na fakitira ya Machi sasa inaonyesha tarehe ya leo, ambayo ni kesi nyingine kabisa na mhasibu.) LibreOffice nayo ina chaguo la kuhesabu kuchapa kwenye printa kama badiliko la waraka, ukiliwasha, kila karatasi inayotoka inazaa swali. Karani akiulizwa bure mara ishirini kwa siku, kidole chake kinajifunza njia ya "Non" bila kupitia kichwani. Swali la ishirini na moja, lile la kweli, linapita njia hiyo hiyo.

Kwa hiyo programu yako ijue tofauti. Kusogeza ukurasa si badiliko. Kuchapa si badiliko. Herufi iliyoandikwa na kutenguliwa inarudisha waraka kwenye usafi wake, na alama ya "Bado" inapaswa kuondoka yenyewe. Vifaa vya kutengua vya Qt vinakumbuka hatua ambayo waraka ulihifadhiwa, huna kisingizio.

Kama programu yako inaishi ndani ya kivinjari, punguza matumaini. Maneno yako mwenyewe kwenye swali la kuondoka hayatatokea: Chrome iliyazuia tangu toleo la 51, mwaka 2016, na vivinjari vingine vinaonyesha sentensi yao ya jumla vilevile. Kwenye simu swali lenyewe mara nyingi halitokei. Kwenye kivinjari okoa mapema, usitegemee kuuliza.

## Basi uchague nini

Sekretaria, ofisi ya deklarasyo, ofisi ya wakili, popote pale ambapo faili la jana ni kielelezo cha leo: okoa kimyakimya, hifadhi kwa kitufe, alama ya maneno yenye saa.

Waraka mmoja unaokua, au wa mikono mingi: kujihifadhi, na Ctrl+S iendelee kujibu.

Duka la dawa, depo, sanduku la pesa: hapo neno "Hifadhi" lenyewe halifai. Muuzaji hahifadhi, anauza. Kitufe kiitwe "Maliza mauzo", kila uuzaji uingie mara moja kwenye hifadhidata, na kusiwe na kitu kinachoitwa mabadiliko yasiyohifadhiwa. Nusu ya uuzaji ni rasimu tu, nayo ionekane ni rasimu.

Mipangilio midogo, kama lugha au ukubwa wa herufi, ijihifadhie tu.

Mama wa Kenya nilimrudishia faili zake ndani ya mashini, na nakala moja ya usiku kwenye diski ya nje anayoondoka nayo nyumbani. Barua yake niliigeuza kuwa faili la kielelezo la .ott, ambalo kila ukilifungua linakupa waraka mpya usio na jina. Aliitumia siku mbili, kisha akarudi kwenye njia yake: fungua ya juzi, badilisha, chapa, funga, tupa. Kidole chake kinafika kwenye jibu kabla kisanduku hakijamaliza kutokea. Nilichoongeza ni folda moja inayoitwa Zilizotupwa, ambamo kila anachokitupa kinakaa siku saba kabla ya kufutika. Word ina kitu kinachofanana, huweza kubakisha nakala ya mwisho ya uokoaji hata ukifunga bila kuhifadhi. Wiki iliyopita aliniita. "Papa, yule wa leseni amerudi, anataka barua yake ile ile." Tuliikuta humo, ya siku tano, na aya ya udereva ikiwa mahali pake.